Mchoro unaishia pale nyumba zetu zinapoanzia

Leo sileti habari ya bei ya muhogo wala ya mpira. Leo nazungumzia ardhi tunayoikanyaga, na namna inavyochorwa ndani ya kompyuta kabla katapila halijafika. Wengine watasema hayo ni mambo ya mainjinia. Nawajibu mapema: maji yakiingia chumbani saa nane za usiku hayamuulizi mtu kama alisomea uinjinia.

Miezi michache iliyopita nilikwenda na kinasa sauti changu kwenye mkutano katika darasa la shule moja. Kampuni moja, sitaitaja, ilikuja kuwaonyesha wakaaji mradi wa avenye na mtaro wake. Waliwasha jenereta, wakatundika shuka jeupe ukutani, picha ikatokea. Ilikuwa picha nzuri, lazima niseme. Barabara ya kijivu, kingo za kijani zilizoteremka sawasawa kama zimepigwa pasi, mtaro wa bluu pembeni. Injinia kijana alikuwa anaizungusha picha kwa kidole, mara juu, mara ubavuni. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja, mtoto mgongoni. Alivuka mto kutoka upande wa Lubunga wakati wa machafuko, na sasa anapanga chumba bondeni, mahali ambapo kodi ni ndogo kwa sababu ardhi ni mbaya. Aliinua mkono.

"Injinia, tunashukuru. Lakini maji ya huo mtaro yanaishia wapi?"

Kijana akazungusha picha mpaka mwisho wa mstari wa bluu. Mstari ulifika ukingoni mwa mchoro, na baada ya hapo kulikuwa na giza tu, kioo kitupu.

"Hapo ndipo mradi unaishia, mama."

"Hapo njo tunalala, papa," mama akajibu.

Hakuna aliyecheka. Mkutano uliendelea na mambo mengine, soda zikagawiwa, watu wakaenda. Mimi nilirudi nyumbani na jibu la yule mama ndani ya kinasa sauti, na tangu siku ile sijaacha kulisikia. Baadaye nilitafuta watu wanaojua kazi hii, nikakaa nao, nikauliza, nikasoma. Nimeandika hapa nilichoelewa, na kwa nini nimekasirika.

Tuelewe kwanza kazi yenyewe, maana adui wetu si kompyuta. Programu za kuchora barabara, kama Civil 3D au Covadis, zinafanya kazi kwa nyuso mbili za ardhi. Uso wa kwanza ni ardhi kama ilivyo leo. Mpima ardhi anapita na vyombo vyake na kuchukua nukta: hapa kimo ni hiki, pale ni kile. Programu inaziunganisha nukta hizo tatu tatu, zinakuwa pembetatu nyingi zilizoshikana, kama wavu wa Wagenia uliotandazwa juu ya vilima na mabonde. Uso wa pili ni ardhi kama injinia anavyoitaka: barabara ipite hapa, iinuke pale, maji yateremke upande huu.

Kisha programu inalinganisha. Pale ambapo uso mpya uko chini ya uso wa zamani, udongo utakatwa. Pale ambapo uso mpya uko juu, udongo utajazwa. Inahesabu mita za ujazo zote, za kukata na za kujaza, kwa dakika chache. Zamani hesabu hiyo ilichukua siku nyingi za karatasi na penseli. Ni chombo kizuri. Mtu anayekikataa chombo hicho ni sawa na mtu anayekataa baiskeli kwa sababu toleka mmoja alimwangusha.

Tatizo la kwanza liko pembeni ya mchoro. Ukingoni mwa barabara programu inachora mteremko wa udongo, kwa mfano mita 2 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kushuka. Mteremko unashuka mpaka ugusane na ardhi ya zamani. Ukishagusana, mstari unafungwa. Kwa programu kazi imekwisha. Kwa kampuni mkataba umekwisha. Lakini kwa maji, pale ndipo safari inapoanza. Maji hayajui mpaka wa mkataba. Yanatoka kwenye mtaro wa zege yakiwa na mbio yaliyopewa na zege, yanaanguka juu ya mchanga wetu, na mchanga unakubali kuondoka.

Fanyeni hesabu pamoja nami, si ngumu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, ikinyeshewa mvua ya milimita 50, inamwaga lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Hiyo ni nyumba moja, mvua moja. Hekta nzima ya mabati na njia ngumu isiyonywa maji inamwaga karibu mapipa 2,500. Na Kisangani si jangwa: tunapata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa.

Zamani maji hayo yaligawanyika. Kidogo kwenye kiwanja changu, kidogo chini ya mwembe wa jirani, kidogo kwenye majani ya bonde. Barabara mpya inayakusanya yote, inayapitisha kwenye njia moja, na kuyatapika kwenye mdomo mmoja. Ukisikia wanasema mradi umeondoa maji barabarani, uliza: umeyaondoa, umeyapeleka kwa nani?

Tatizo la pili ni nukta zenyewe. Mchoro mzuri unaweza kukaa juu ya ardhi ya uongo. Mpima akichukua kimo kwenye ukingo wa kulia wa korongo na kwenye ukingo wa kushoto, asishuke chini, wala asiiambie programu kwamba pale kuna ukingo, kompyuta inavuta pembetatu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama daraja. Korongo limefunikwa. Kwenye kioo panaonekana uwanja wa mpira. Ardhini kuna shimo linaloweza kumeza mbuzi na mwenye mbuzi.

Tena kuna njia ya mkato iliyo mbaya zaidi, ile ya kutokwenda kupima kabisa. Siku hizi mtu anaweza kukaa Kinshasa au Ulaya, akashusha kutoka intaneti vimo vya ardhi ya Mangobo bila kulipa hata faranga moja. Vimo vinavyotumiwa sana vilichukuliwa na chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 mwezi wa pili wa mwaka 2000 kikipima kwa rada. Ilikuwa kazi kubwa na ya manufaa kwa wanasayansi. Lakini sikieni inapima nini. Kimo kimoja kinasimamia mraba wa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Basi viwanja viwili na zaidi, pamoja na njia, mtaro na shimo la choo, vyote vinapewa kimo kimoja. Na rada ile haifiki chini kila mahali. Penye miti mingi inagonga majani, penye nyumba inagonga mabati. Mji wetu umezungukwa na msitu. Kwa hiyo sehemu ya "ardhi" hiyo ni vichwa vya miti.

Waliotengeneza vimo hivyo hawakuficha kitu. Lengo lao lilikuwa kosa la kimo lisizidi mita 16, kwa sehemu 9 kati ya 10. Kwa kuchora ramani ya dunia, sawa. Kwa kuchora mtaro, ni msiba. Mtaro mara nyingi unapewa mteremko wa nusu ya asilimia tu: kwa kila mita 100 unashuka sentimita 50. Kosa la mita 1 peke yake linatosha kuugeuza mteremko, maji yakarudi yalikotoka. Yaani injinia anachora maji yakienda mtoni, na Mungu anayaona yakienda jikoni kwa mama fulani.

Na fikirini tarehe hiyo: mwezi wa pili wa mwaka 2000. Miezi minne kabla ya vita vya siku sita, kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu. Ni watoto wangapi wa Mangobo walikuwa hawajazaliwa? Ni nyumba ngapi hazikuwapo? Makorongo mangapi yalikuwa bado vijia vya kwenda kisimani? Anayechora barabara yetu leo juu ya vimo hivyo peke yake anachora Kisangani ya kabla ya bomu. Sisi tunaishi katika Kisangani ya baada yake.

Tatizo la tatu ni udongo. Udongo ukichimbwa huvimba, kila mtu aliyewahi kuchimba shimo na kujaribu kulifukia anajua. Ukishindiliwa vizuri hupungua tena. Programu inatoa namba ya mwisho, kwa mfano ziada ya mita za ujazo kadhaa. Kwenye karatasi ni namba tu. Ardhini ni mlima wa udongo unaotafuta pa kukaa. Lori linakula mazuti, na mazuti ni ghali. Basi usiku au mchana, udongo unasukumwa bondeni, kwenye njia ya kijito. Kijito kikizibwa hakifi. Kinatafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni wa nyumba ya udongo ya mpangaji. Hata pale udongo unapojazwa kwa haki chini ya barabara, kama haukushindiliwa kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, mvua za mwaka wa kwanza zitautafuna. Kompyuta haiwezi kujua kama dereva alipita mara sita au mara moja.

Msidhani naongea kwa hofu ya mtu mmoja. Mwezi wa nane wa mwaka 2025, jarida la sayansi la Nature lilitoa utafiti wa wanasayansi wa Kongo na Ubelgiji. Walihesabu makorongo ya mijini katika nchi yetu kwa kutumia picha za kutoka juu. Walipata makorongo 2,922 katika miji 26. Ukiyaunganisha yote kwa urefu, yanakaribia kilomita 740. Kati ya 2004 na 2023, makorongo hayo yaliwaondoa watu wapatao 118,600 kwenye nyumba zao. Na watu kama milioni 3.2 walikuwa wakiishi mahali ambapo korongo linaweza kufika. Watafiti hao hawakusema ni laana wala uchawi. Walionyesha kwamba ni mji unaopanuka haraka juu ya udongo mwepesi, na barabara zisizo na njia nzuri ya maji. Tumewaona wenzetu wa Kinshasa usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Desemba 2022: mvua moja, zaidi ya watu 100 wakafa, na barabara ya taifa namba 1 ikakatika huko Mont-Ngafula. Barabara iliyochorwa na mainjinia, kwa zege na lami, ikameguka kama mkate.

Sasa nije kwa wale ninaowaandikia zaidi leo.

Tangu 2023, mgogoro wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ng'ambo ya mto umewafukuza watu wengi kutoka vijiji vyao na kutoka Lubunga. Sitaingia hapa katika nani alimkosea nani. Nasema tu jambo ambalo sisi sote tunaliona kwa macho: familia iliyofika na godoro moja haipati kiwanja kizuri mlimani. Inapata kilichobaki. Na kilichobaki mjini ni kandokando ya korongo, chini ya mdomo wa mtaro, pale mchoro unapokuwa giza. Kwa hiyo watu waliokwisha kufukuzwa mara moja kwa ajili ya ardhi wanawekwa kwenye foleni ya kufukuzwa mara ya pili, safari hii na maji.

Anayekimbia bunduki anaitwa mkimbizi wa ndani, anaandikwa kwenye orodha, siku nyingine anapata hema na mafuta ya kupikia. Anayekimbia korongo anaambiwa alijenga vibaya. Lakini kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinawataja pia wanaokimbia maafa ya asili na maafa yaliyotengenezwa na watu. Na Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika, unazungumza hata juu ya watu wanaoondolewa na miradi. Basi hao si wazembe. Ni wakimbizi, na mara nyingi kilichowakimbiza ni mstari uliochorwa mahali penye kiyoyozi.

Najua majibu nitakayopewa. Nimekwisha kuyasikia kwenye simu, mengine kwa hasira.

Wa kwanza anasema: "Watu wenyewe wanatupa takataka kwenye mitaro, halafu wanalia." Kweli. Nakubali, tena kwa aibu. Nimeona kwa macho yangu chupa, mifuko na magodoro yaliyozeeka ndani ya mtaro wa zege, na hakuna mzungu aliyeyatupa. Tukitaka haki ya kuuliza, tuanze kwa kusafisha mbele ya mlango wetu. Lakini takataka haikuchora mtaro uishie juu ya paa la mtu. Mtaro safi unaoishia hewani ni hatari kuliko mchafu, maana maji yake yanafika kwa nguvu zote.

Wa pili anasema: "Walijenga pasipo ruhusa." Wengine, ndiyo. Wengine waliuziwa na watu wenye mihuri na karatasi. Wapangaji hawakujenga chochote. Wanalipa kodi tu. Na hata aliyekosea kujenga, adhabu yake imeandikwa katika sheria gani kuwa ni kufukiwa na matope pamoja na watoto?

Wa tatu, huyu namheshimu zaidi, ni injinia rafiki yangu. Alisema: "Yaya, upimaji wa kweli ni ghali. Tukidai nukta kila mita chache mpaka mtoni, mradi mdogo hautaanza kamwe." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ni kweli kwamba mpima, vyombo, wasaidizi na siku za kazi vinakula pesa. Lakini nilimuuliza nami: kuziba korongo lililokwisha kufunguka kunagharimu kiasi gani? Mawe, nyavu za chuma, zege, mianzi, na barabara kujengwa upya? Alicheka kwa huzuni. Anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Tofauti ni kwamba gharama ya kupima iko kwenye mkataba, inalipwa na mradi. Gharama ya korongo haiko kwenye mkataba, inalipwa na yule mama.

Na kuna upimaji ambao hautaki dola. Wazee wa avenye wanajua maji yalifika wapi kwenye kila ukuta, mwaka gani. Mwishoni mwa 2019 mto ulipofurika, watu walio karibu na maji waliona wenyewe alama ilipofika. Jambo hilo ni muhimu sana kwa injinia, kwa sababu mto ukipanda juu ya mdomo wa mtaro, maji ya mvua hayana pa kutokea; yanarudi nyuma kama watu waliofika mlangoni wakakuta umefungwa. Mchukue mzee huyo, mpe kiti, andika alama zake kwenye mchoro. Soda ni moja tu.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kulinda mazingira, inataka miradi inayoweza kuharibu mazingira ichunguzwe kabla, na inataka wananchi waulizwe maoni yao. Kuulizwa maoni si kuonyeshwa picha inayozunguka na kupewa soda. Ni kuuliza, kujibiwa, na jibu kuandikwa.

Kwa hiyo, wapendwa, mkutano kama ule ukija kwenye avenye yenu, iwe ni barabara, ni shule, ni mahali pa kuhamishia familia zilizokimbia, msipige makofi kwanza. Simameni kwa heshima, muulize haya.

Vimo vya ardhi hii vilichukuliwa siku gani, na mpima gani, kwa chombo gani? Alishuka ndani ya korongo au alisimama ukingoni? Akijibu kwamba vimetoka kwenye intaneti, mwambieni arudi na buti.

Mchoro unaishia wapi? Tunaomba uendelee mpaka maji yafike kwenye kijito au mtoni, na tuone kila nyumba iliyo njiani.

Tone la maji likianguka hapa, linakwenda wapi? Swali hili halina kisingizio, maana programu nyingi za aina hii zinaweza kulijibu papo hapo: unagusa mahali, mstari unachorwa kufuata njia ya maji. Mwambieni aguse mlango wa shule. Aguse soko. Aguse nyumba yenu. Kisha tokeni nje naye, mwaga ndoo moja, tuone kama maji yanakubaliana na kompyuta.

Udongo wa ziada utakwenda wapi, kwa lori gani, nani alikubali uwekwe kwake?

Mdomo wa mtaro utavunjaje nguvu ya maji? Kuna ngazi za mawe, kuna sakafu ya kupokea, au yanaachwa yaanguke tu?

Na la mwisho: kazi ikiisha, nani atapima tena kuhakikisha kilichojengwa kinafanana na kilichochorwa, nani atasafisha mitaro, na korongo likifunguka, nani atalipa?

Kwa mainjinia vijana wa mji huu, munaotoka shuleni na kompyuta zenu mgongoni, nasema kwa upendo: sisi tunajivunia ninyi. Hatutaki mutupe programu zenu. Tunataka muzitumie mpaka mwisho wa mstari. Mkubwa wako akikwambia funga mchoro hapa kwa sababu pesa inaishia hapa, andika angalau kwa herufi kubwa pale ukingoni: HAPA KUNA WATU. Hilo halilipiwi.

Kwa viongozi wa komini na wa jimbo: musikubali kupokea mradi wowote wa barabara usio na njia ya maji iliyochorwa mpaka mwisho. Mukate utepe siku maji yatakapofika mtoni. Barabara kupitika haitoshi.

Nilirudi bondeni juzi, baada ya mvua ya usiku. Avenye ile bado haijajengwa, mradi unasubiri pesa. Kwa hiyo muda upo. Yule mama alikuwa anaanika godoro juu ya ua wa mianzi. Nilimuuliza kama angependa barabara isije kabisa. Alinitazama kama mtoto mjinga. Alisema anataka barabara, mtoto wake akiugua usiku toleka hawezi kufika pale. Anataka barabara sana. Anataka tu, akaniambia, kwamba siku watakaporudi na ile picha yao, nyumba yake nayo iwe ndani.

Redio yetu itakuwapo siku hiyo, na kinasa sauti kitakuwa wazi. Ninyi mulio na alama za maji ukutani, zipigeni picha sasa, andikeni tarehe, mulete. Tutazipeleka mezani kwa injinia kabla hajafunga mstari.

Kutoka Mangobo, ni mimi mwandishi wenu. Mukae salama, na mvua inayokuja itukute macho.